Mvuto wa hadithi za giza: Tuwaulize vijana kabla ya kuwahukumu



Miaka michache iliyopita, nikiwa nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari, nilimkuta binti wa kidato cha tatu akichora wakati wa kipindi. Nikachukua daftari lake nikalifunua mbele ya wenzake. Kurasa zilikuwa nyeusi kwa wino. Kulikuwa na ngome kuukuu isiyo na taa, miti mikavu, makaburi yaliyoinama, popo, na mwanamke wa uso mweupe aliyevaa joho jeusi, amesimama mlangoni kama anayemsubiri mtu. Sikumuuliza chochote. Nilimwambia, darasa zima likisikia, kwamba hizo ni kazi za shetani. Nikaondoka na daftari, na moyoni nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Wiki kadhaa baadaye mama yake mdogo alikuja shuleni kwa ajili ya ada. Katika mazungumzo akataja, kama jambo la kupita tu, kwamba mama mzazi wa yule binti alifariki mwaka uliotangulia. Nyumbani, tangu ilipopita arobaini, hakuna aliyelitaja tena jina la marehemu. Binti akitaka kulia huambiwa asubiri, kwani mwenye kulia hana imani.

Nilikwenda kabatini nikalitoa lile daftari, nikamwita. Nikamuuliza swali ambalo nilitakiwa kumuuliza siku ile ya kwanza: "Binti yangu, unapenda nini katika picha hizi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ustadh, huku watu wanaruhusiwa kuwa na huzuni."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinifanya nirudi kusoma. Nilitaka kujua hadithi hizi zimetoka wapi, zina nini ndani yake, na kwa nini vijana wetu wa mjini, wenye simu mkononi, wanavutiwa nazo kuliko tunavyodhani. Haya niliyoyapata nimeona si vyema nikae nayo peke yangu.

HADITHI HIZI NI ZIPI?

Wazungu huziita hadithi za kigothi. Wagothi walikuwa makabila yaliyochangia kuiangusha dola ya Roma ya Magharibi. Karne nyingi baadaye, wasomi wa Italia waliotaka kurudia ujenzi wa Kirumi walilichukua jina hilo kuyadharau makanisa ya zama za kati yenye matao yaliyochongoka. Walikuwa na maana kwamba huo ni ujenzi wa kishenzi. Basi neno "gothi" likaanza kubeba maana ya kitu cha kale, cha giza na cha kutisha.

Mwaka 1764 Mwingereza mmoja aitwaye Horace Walpole, mwanasiasa na mtoto wa waziri mkuu, alitoa riwaya iitwayo The Castle of Otranto. Otranto ni mji wa pwani kusini mwa Italia. Katika riwaya hiyo, siku ya harusi, kofia kubwa ajabu ya chuma inaanguka na kumuua bwana harusi, mtoto wa mtawala wa ngome. Kuanzia hapo ngome yote inajaa vitisho. Mwisho wake siri inafichuka: ngome ile haikuwa mali ya ukoo unaoikalia. Babu wa mtawala yule alimuua mwenyewe kwa sumu, kisha akajimilikisha.

Toleo la kwanza lilidai kuwa ni tafsiri ya hati ya kale ya Kiitaliano. Watu walipoipenda, Walpole akakiri mwaka 1765 kwamba ameitunga mwenyewe, na akaiita kuwa ni hadithi ya kigothi. Hapo ndipo aina hii ya fasihi ilipopata jina.

Tangu wakati huo mto huo haujakauka. Umepita kwa Mary Shelley na riwaya yake ya Frankenstein ya mwaka 1818, kwa Bram Stoker na Dracula ya mwaka 1897, ukaingia kwenye sinema, kisha kwenye michezo ya kompyuta. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa Castlevania mwaka 1986, ambamo mchezaji anaingia ngome ya Dracula. Riwaya ya Twilight ya Mmarekani Stephenie Meyer, inayohusu msichana na kijana mnyonya damu, ilitoka mwaka 2005 na filamu yake mwaka 2008. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo au wa Mombasa anapoweka picha ya ngome nyeusi kwenye simu yake, ameshika ncha ya kamba iliyosokotwa kwa zaidi ya miaka 250.

KWA NINI ZINAVUTA?

Wengi wetu tuna jibu moja la haraka, nalo ni shetani. Hapana shaka shetani hakosi sehemu yake katika kila jambo. Lakini jibu hilo halitufundishi kitu, kwa sababu halituambii kwa nini mlango huu umefunguka na mwingine haukufunguka. Mimi nimeona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni dhuluma iliyofichwa. Tazama tena hadithi ya Otranto. Kinachotisha mle ni kosa la zamani lililozikwa bila kulipiwa, linalorudi kudai haki yake. Hadithi nyingi za aina hii zina muundo huo huo. Kuna jumba kubwa, kuna mwenye jumba anayeheshimiwa, na kuna chumba kimoja kilichofungwa ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifungua. Kijana anayejua kwamba katika ukoo wake kuna mirathi ya yatima iliyoliwa, na kwamba mla mirathi ndiye anayekaa mbele kwenye shughuli, anaielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa.

Na sisi wenyewe tunalo neno mumiani. Zama za ukoloni uvumi ulienea katika miji ya Afrika Mashariki kwamba watu wanakamatwa usiku na kunyonywa damu, na mara nyingi walioshukiwa ni wazima moto na magari yao. Mwanahistoria Luise White wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000. Hakuwacheka wazee waliomsimulia. Aliyatumia maneno yao kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala ule. Mtu anayefanyishwa kazi hadi nguvu zinamwisha, na asijue faida inakwenda wapi, akisema ananyonywa damu hajakosea sana.

Sababu ya pili ni mauti. Mary Shelley, aliyeandika Frankenstein, hakumjua mama yake. Mama yule, mwandishi mashuhuri Mary Wollstonecraft, alifariki mwaka 1797 siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 Mary naye akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto akafariki baada ya muda mfupi. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia. Vumbi na gesi zake zikaenea angani, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa majira ya joto. Mary, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa kando ya ziwa Geneva pamoja na washairi Percy Shelley na Lord Byron. Mvua iliwafungia ndani, na Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Hapo ikazaliwa hadithi ya msomi anayeunganisha viungo vya maiti na kukipa uhai kiumbe, kisha akakikimbia siku ile ile kwa kuwa sura yake inachukiza.

Tukijua aliyeiandika alikuwa nani, tunaisoma kwa jicho jingine. Ni hadithi ya binti asiye na mama, aliyepoteza mwana, anayeuliza: je, aliyekufa anaweza kurudi? Na ni kosa la nani pale mwenye kuleta kiumbe duniani anapokitelekeza? Kiumbe kile hakikuzaliwa kiovu. Kinajifunza kusoma, kinatamani jamaa, kinafukuzwa kila mlango, na baada ya hapo ndipo kinapoua. Mzazi wa Kiislamu anayejua kuwa kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga hawezi kusema hadithi hiyo haimhusu.

Sababu ya tatu ni utamu wa hofu isiyo na hatari. Edmund Burke, mwandishi mzaliwa wa Ireland, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1757 kwamba jambo la kutisha likitukaribia mno ni maumivu matupu, lakini likikaa mbali kidogo huamsha ndani yetu mshangao na hata furaha. Ndiyo maana watoto wa bibi husogea karibu na moto, wakasema "Bibi, tusimulie la zimwi." Mchoraji Henry Fuseli, mzaliwa wa Zurich aliyefanya kazi London, alichora mwaka 1781 mwanamke amelala na dude limemkalia kifuani, huku kichwa cha farasi kikichungulia pazia. Sisi hatuhitaji kufasiriwa picha hiyo. Lugha yetu inalo neno lake: jinamizi.

Mwandishi Ann Radcliffe, katika riwaya yake ya mwaka 1794 iitwayo The Mysteries of Udolpho, alimtia msomaji hofu kurasa mamia, kisha akampa sababu ya kawaida ya vishindo vyote. Msomaji wa Kiswahili ataikumbuka Mzimu wa Watu wa Kale ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Watu wanadhani mzimu umeua, na Bwana Msa anafuatilia mpaka anaonyesha mkono wa binadamu. Hofu ya namna hiyo huisha kwa kumfundisha msomaji kutumia akili.

Sababu ya nne ni upweke. Hapa nitamleta shahidi wetu wenyewe. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, sawa na mwaka 868 au 869 Miladia, aliandika katika Kitabu cha Wanyama juu ya Mabedui waliodai kuona na kusikia majini nyikani. Akanukuu maelezo ya mwalimu wake, an-Nadhdham: mtu akikaa peke yake mno katika jangwa, mbali na wenzake, wahka humwingia, dogo humwia kubwa, naye huona kisichoonekana na kusikia kisichosikika. Kisha hutunga mashairi juu yake, na watoto wake wakakua wakiyaamini.

Zaidi ya miaka 1,100 baadaye maelezo hayo bado yanafaa. Jangwa la leo ni chumba cha kijana chenye mlango uliofungwa, simu imewaka saa nane za usiku, na nyumba nzima imelala. Hadithi za giza zina mashujaa wasiokubalika, walioumbuka, wasio na pa kwenda. Kijana mpweke akizisoma hujiona amepata mwenzake.

WAISLAMU WAMEWEKWA WAPI?

Mpaka hapa unaweza kudhani kwamba nazitetea hadithi hizi. Subiri kidogo. Kuna jambo ambalo wapenzi wake wengi, hata Waislamu, hawalijui, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi.

Mwaka 1786 ilitoka London riwaya iitwayo Vathek. Mwandishi wake alikuwa William Beckford, naye aliiandika kwa Kifaransa. Tafsiri ya Kiingereza ilitangulia kuchapishwa bila ruhusa yake, ikadai kuwa imetoka katika Kiarabu. Vathek ni nani? Ni al-Wathiq, khalifa wa tisa wa Bani Abbas, mjukuu wa Harun ar-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 842 hadi 847. Katika riwaya, khalifa huyu anajenga mnara wa ngazi 11,000 ili achungulie siri za mbingu. Anaikana imani yake kwa ahadi ya hazina, anakubali kutoa watoto 50 wawe kafara, na mwisho anaingia ukumbi wa Ibilisi. Mle umati wa watu unatembea bila kusemezana, kila mmoja ameweka mkono juu ya moyo wake, kwa kuwa moyo unawaka moto usiozimika.

Anayemsukuma khalifa katika uchawi wote huo ni mama yake, aitwaye Carathis, Mgiriki. Sasa tuitazame historia. Mama yake al-Wathiq kweli aliitwa Qaratis, na kweli alikuwa mjakazi mwenye asili ya Kirumi wa Mashariki, yaani Mgiriki. Lakini bibi huyu alifariki mwaka 842 huko Hira, Iraq, akiwa safarini kwenda Hijja, akazikwa Kufa. Mwanamke aliyekata roho njiani kuelekea Makka, mwandishi wa London akamfanya mchawi anayechoma maiti mnarani. Na mamilioni ya watu hawajapata kulisikia jina lake ila kwa sura hiyo.

Sisemi kwamba al-Wathiq hakuwa na makosa. Aliendeleza mateso ya wanazuoni waliokataa kusema kuwa Qur'an imeumbwa, na historia yetu haikulificha hilo. Lakini kosa lake lilikuwa hilo, halikuwa kuchinja watoto kwa ajili ya Ibilisi.

Na Beckford mwenyewe je? Alirithi akiwa bado mtoto utajiri mkubwa uliotokana na mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Kwa fedha hizo alijijengea huko Fonthill jumba la kigothi lenye mnara wa zaidi ya mita 80. Mnara huo ulianguka mwaka 1825, miaka mitatu baada ya yeye kuliuza jumba. Msomaji wa Qur'an akifika kwenye ule ukumbi wa mioyo inayowaka, haraka atakumbuka Suratul Humaza, inayoutaja moto unaozipandia nyoyo. Na sura hiyo inaanza na nani? Inaanza na mtu anayewabeza wenziwe, aliyekusanya mali akaihesabu akidhani itambakisha milele. Mwandishi alimtia khalifa wa Bani Abbas katika moto huo, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya mali ya namna hiyo.

Mambo hayakuishia hapo. Ndani ya Frankenstein yumo binti aitwaye Safie, ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa Kituruki na mama yake ni Mwarabu Mkristo. Tunaelezwa kwamba mama huyo alimfundisha bintiye kutamani elimu ya juu na uhuru wa nafsi, mambo ambayo eti wanawake wa dini ya Muhammad wamekatazwa. Hayo yaliandikwa juu ya umma ambao mama yake Bibi Aisha (RA) amepokewa hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wakubwa wakimwendea kumuuliza.

Kadhalika Dracula. Jina hilo Bram Stoker alilikuta katika kitabu cha historia ya nchi za Romania ya leo. Ni jina la Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia aliyejulikana kwa kuwachoma watu mambo, na aliyepigana na Sultan Muhammad al-Fatih mwaka 1462. Katika riwaya, mnyonya damu anajisifu kwa vita vya ukoo wake dhidi ya Waturuki. Kijana wa Kiislamu anayecheza mchezo wenye jina hilo hajui kwamba jina lenyewe limetoka kwenye mpaka wa vita na dola ya Kiislamu.

Mfano wa mwisho unatoka Marekani. H. P. Lovecraft, aliyeishi kuanzia mwaka 1890 hadi 1937, ni miongoni mwa waandishi wanaoigwa sana katika hadithi za giza na michezo ya leo. Alibuni kitabu cha siri kiitwacho Necronomicon, akasema kimeandikwa na Mwarabu mwendawazimu wa Sanaa, Yemen, zama za Bani Umayya, aitwaye Abdul Alhazred. Wanafunzi wangu wa darasa la Kiarabu, hebu tusahihishe. "Abdu" ni mja. "Abdul" ni mja wa, na hiyo "al" imeshatiwa ndani yake. Ukiongeza "Al" nyingine umesema "mja wa wa". Na hilo "hazred" halina maana katika Kiarabu. Lovecraft alijipachika jina hilo utotoni, alipokuwa akicheza baada ya kusoma Alfu Lela Ulela. Pamoja na hayo, wapo waliokiamini kitabu hicho, na mwaka 1977 kikachapishwa Marekani kitabu chenye jina hilo kwa ajili ya wanunuzi wa uchawi.

Hata neno lao la dude linalokula maiti makaburini, yaani ghoul, ni neno la Kiarabu, ghul. Kwa Waarabu wa kale ghul lilikuwa dude la jangwani linalojigeuza sura na kuwapoteza wasafiri. Lile la kula maiti makaburini lilienea Ulaya kupitia tafsiri ya Alfu Lela ya Mfaransa Antoine Galland, mwanzoni mwa karne ya 18. Na Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, aliikanusha kabisa itikadi hiyo ya ghul. Sisi tuliambiwa tuachane na dude hilo, wenzetu wakalichukua, wakalinenepesha, kisha wakaturudishia likiwa na jina letu.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, wapo watakaosema: basi tupige marufuku yote, tumalize kazi. Nami nilianza hivyo, nilipomnyang'anya binti yule daftari lake. Nilichofanikiwa kukipiga marufuku kilikuwa huzuni yake. Hadithi zenyewe alikuwa nazo kwenye simu.

Wapo pia watakaosema kuwa hizi ni hadithi tu, hazina madhara. Nao nawapinga. Hadithi iliyowafanya watu wa karne mbili wamjue mwanamke aliyekufa safarini Hijja kuwa ni mchawi si kitu kidogo. Na ziko kazi zinazopamba kujiua, zinazofundisha uchawi kwa vitendo, au zinazochanganya damu na zinaa mpaka kijana asione tofauti. Hizo tuziseme kwa majina yake.

Kwa hiyo nashauri mizani ya maswali matatu, ambayo mzazi au mwalimu anaweza kumpa kijana.

Kwanza, je, hadithi hii inajua kuwa ni hadithi? Ikiwa inamtaka msomaji afanye tambiko, aite majini au aamini kuwa kuna elimu ya ghaibu ya kununuliwa, hiyo imeshaingia kwenye itikadi. Suratul Jinn imekwishatueleza kuwa watu waliojikinga kwa majini walijizidishia taabu tu.

Pili, dhalimu anaonekanaje mwisho wa hadithi? Kitabu kinachofichua dhuluma na kumfedhehesha mwenye nayo kina somo. Kinachomfanya mnyonya damu awe wa kutamaniwa kinafundisha kinyume chake.

Tatu, nani amepewa sura ya giza, na kwa nini? Swali hili ndilo lililowapita wengi. Kijana anayejua kisa cha Qaratis hawezi tena kusoma Vathek akiwa amelala. Huyo amekuwa msomaji, na msomaji hapotezwi kirahisi.

Lakini mizani hii haitafaa kitu ikiwa hatujajibu swali lililompeleka kijana huko. Tujiulize kwa haki: ni lini mara ya mwisho tulikaa na mtoto tukazungumza naye juu ya kifo? Tunampeleka msibani akabebe viti na sahani, kisha tunamfukuza wakubwa wakianza kuzungumza. Wakati dini yetu haikuficha makaburi. Mtume (SAW) aliwaruhusu watu kuyazuru kwa sababu yanakumbusha akhera. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia machozi, na alipoulizwa akaeleza kuwa hiyo ni rehema, kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Mwaka aliofiwa na Bibi Khadija (RA) na ammi yake Abu Talib, wanahistoria wa Kiislamu wameuita Mwaka wa Huzuni. Sasa nani aliyetuambia kwamba mwenye kulia hana imani?

Yule binti nilimweleza hayo yote, si kwa siku moja. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilimfedhehesha mbele ya darasa. Nikamsomea habari za kifo cha Ibrahim, nikamweleza kuwa dua ya mtoto mwema inamfikia mzazi wake aliyetangulia. Picha hakuacha kuchora. Juu ya picha za viumbe wenye roho nilimweleza kauli za wanazuoni, naye polepole akaegemea zaidi kwenye majengo na miti. Siku moja aliniletea ukurasa mpya. Ngome ilikuwa ile ile, nyeusi, na mlango wake ule ule. Safari hii mlangoni hapakuwa na mtu, na dirisha moja la juu lilikuwa limeachwa jeupe, bila wino. Nikamuuliza ni chumba cha nani. Akasema, "Cha mama. Nimemwachia taa."

Ndugu zangu wazazi na walimu, ukimkuta kijana wako gizani, usianze kwa kumpigia kelele. Muulize anatafuta nini humo. Huenda anatafuta kitu ambacho wewe ndiye uliyekiweka kabatini.

Namuomba Allah (SW) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa na macho ya kupambanua, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.